Kuzungumza Mbele ya Watu kwa Utulivu: Mwongozo Kamili wa Maandalizi

Mwili hauna njia maalumu ya kuogopa hadhira. Unatumia ileile unayotumia kukwepa hatari: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo huenda mbio, mate hukauka, viganja huloa na magoti hulegea. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walikuwa wanatafuta namna ya uhakika ya kumtia mtu msongo ndani ya maabara. Walichochagua ni kumsimamisha mbele ya jopo lisiloonyesha hisia yoyote, azungumze kwa dakika 5, kisha afanye hesabu za kutoa kwa kichwa na kwa sauti. Kipimo hicho bado kinatumika duniani kote.

Kwa hiyo moyo kukudunda kabla ya kushika maikrofoni hakusemi lolote kuhusu kipaji chako. Na kuambiwa "tulia tu, usiogope" hakujawahi kumtuliza mtu. Kinachotuliza ni mwili kukuta kwamba hali hii umeshaipitia: maneno haya umeshayatamka ukiwa umesimama, kwa sauti hii, kwa muda huu, hata kukiwa na vurugu. Mazoezi yakifanana na siku yenyewe, woga hupungua wenyewe. Yasipofanana, unaweza kujipa moyo hadi asubuhi na bado ukababaika. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata msingi huo.

Hatua ya 1: Uliza maswali kabla ya kuandika

Ukialikwa kuzungumza, waandaaji wengi watakuambia, "Wewe sema chochote tu, watakufurahia." Usikubali jibu hilo. Ukumbi usioujua na muda usioujua ni nusu ya woga wako. Uliza:

- Nimepewa dakika ngapi, na je, maswali yamo ndani ya dakika hizo?
- Nani anazungumza kabla yangu, na kuhusu nini?
- Watakuwepo watu wangapi, na wanajua nini tayari kuhusu mada hii?
- Kutakuwa na maikrofoni? Ya kushika mkononi, ya kubana kwenye nguo, au ya kusimama?
- Watu wakitoka pale, mngependa wakafanye nini?

Swali la mwisho ndilo linalokupa hotuba. Mengine yanakuepusha na mshtuko.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye barua ya mwaliko: ratiba huchelewa. Uliyepewa dakika 20 utakuja kunong'onezwa na mshereheshaji kwamba zimebaki 8. Ukiwa na toleo moja tu, hapo ndipo utakapoanza kukimbiza maneno. Andaa toleo refu na toleo fupi tangu mwanzo, na ujue ni kipande kipi kinaondoka.

Hatua ya 2: Pata sentensi moja

Tuseme umeombwa kuzungumza dakika 10 mbele ya wazazi kuhusu usingizi wa watoto. Wengi huanza kukusanya: faida za usingizi, madhara ya kutolala, historia, ushauri, nukuu mbili tatu. Matokeo yake ni rundo, na rundo halikumbukiki, si kwako wala kwa wasikilizaji.

Anza na sentensi moja inayobeba kila kitu. "Usingizi ni muhimu kwa watoto" bado haijatosha, kwa sababu hakuna anayeipinga na hakuna atakayefanya lolote baada ya kuisikia. Jaribu hii: "Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa muda wa saa 9 hadi 12 katika kila saa 24, na kitu cha kwanza cha kuondoa chumbani kwake ni simu." Sasa kuna kipimo na kuna la kufanya.

Ipime sentensi yako kwa kumpigia mtu simu na kumwambia hiyo peke yake. Akijibu "kwa hiyo?", haijaiva. Akijibu "lakini mbona…", umepata hotuba, na pengine umepata hata swali la kwanza utakaloulizwa.

Chini ya sentensi hiyo weka hoja mbili au tatu. Kwa dakika 10, ya nne haitoshei hata kama unaipenda.

Hatua ya 3: Andika kwa ajili ya masikio

Msomaji akipotea hurudi juu ya ukurasa. Msikilizaji hana pa kurudi. Ndiyo maana insha nzuri inaweza kuwa hotuba mbovu. Tazama sentensi hii:

"Ukosefu wa usingizi wa kutosha miongoni mwa watoto wenye umri wa kwenda shule umekuwa ukisababisha kushuka kwa kiwango cha umakini wakati wa masomo."

Kwenye karatasi haina kosa. Itamke kwa sauti na utaishiwa pumzi kabla ya kufika "umakini". Sasa hii:

"Mtoto ambaye hakulala vya kutosha, darasani yupo na hayupo. Mwalimu anaongea. Yeye macho yako wazi, lakini hasikii."

Maana ni ileile, lakini ya pili ina mahali pa kupumua, ina mtu anayeonekana, na vitenzi vinafanya kazi. Pitia rasimu yako yote kwa namna hiyo. Kila penye msururu wa "ukosefu wa", "uwepo wa", "uboreshaji wa", tafuta nani anafanya nini, useme hivyo. Takwimu moja kwa hoja moja inatosha. Ukitaja namba nne mfululizo, watakumbuka kwamba ulitaja namba nyingi.

Hatua ya 4: Kariri kidogo, lakini kariri barabara

Kukariri hotuba nzima neno kwa neno ni mtego. Neno moja likiteleza, yaliyofuata yote yanalifuata, maana uliyashika kwa mpangilio wa sauti, si kwa mpangilio wa fikra. Kusoma karatasi mwanzo hadi mwisho nako kunakata mawasiliano na watu.

Kuna sehemu tatu tu za kukariri kabisa: sentensi mbili tatu za kufungulia, sentensi ya kufungia, na zile sentensi fupi za kukuvusha kutoka hoja moja kwenda nyingine. Zilizobaki zijue kwa maana, uweze kuzisema kwa maneno tofauti kila mara.

Notsi zako ziwe kwenye kadi ngumu, si karatasi laini. Karatasi laini inautangaza mtetemeko wa mkono kwa ukumbi mzima, kadi inauficha. Kila kadi hoja moja, maneno machache, maandishi makubwa unayoweza kuyasoma ukiwa umesimama na kadi iko usawa wa kiuno. Zitie namba. Zikianguka bila namba, utaokota hotuba isiyo yako. Mark Twain, mwandishi aliyezunguka sana Marekani akitoa mihadhara, alihangaika na karatasi za vidokezo mpaka akaamua kuchora vijipicha badala ya maneno. Kama wewe ni mtu wa picha, chora.

Hatua ya 5: Mazoezi, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi

Kusoma hotuba kimyakimya kitandani si mazoezi. Ni kusoma. Macho yako yatakipitia kwa dakika 4 kitu ambacho mdomo utakihitaji kwa 10, na ulimi hautakuwa umekutana hata na neno moja. Zoezi ni kusimama na kutoa sauti, ile sauti ya kumfikia mtu wa mstari wa mwisho.

Mara ya kwanza usijali ubora. Unatafuta mahali ulimi unapojikwaa. Ukipapata, badilisha neno. Usipigane nalo, kama "uwajibikaji" linakuponyoka kila mara, sema "kuwajibika" na uendelee na maisha.

Mara ya pili weka saa. Kila mtu ana kasi yake, kwa hiyo usiazime ya mwingine: zungumza dakika moja, hesabu maneno uliyotamka, zidisha kwa dakika ulizopewa. Hotuba ikizidi, kata sasa. Adrenalini itaongeza kasi jukwaani, lakini vicheko, makofi na kutafuta maikrofoni vitakula muda. Lenga kumaliza ukiwa na dakika moja mkononi.

Kisha jirekodi kwa simu. Anza na sauti peke yake, video iache hadi siku nyingine, la sivyo utaishia kutazama nywele zako. Sauti itakukera. Hilo ni la kawaida: ukiongea, unajisikia kwa njia ya hewa na pia kwa njia ya mifupa ya kichwa, na rekodi haina ile ya mifupa. Wengine wamekuwa wakisikia hii ya kwenye rekodi siku zote na bado wanakualika.

Ukisikiliza, tafuta vitu vitatu. Je, mwisho wa sentensi unazama, hadi neno la mwisho halisikiki? Je, kuna mahali pa kupumzika, au ni mkondo usiokatika? Na je, unajazia mapengo na nini? Kila mtu ana lake: "eee", "yaani", "kwa hiyo sasa", "si ndiyo", "nini hii". Hutajua lako mpaka ulisikie. Vilabu vya Toastmasters, ambako watu hujizoeza kuhutubia, vilivyoanzia California mwaka 1924, humteua mwanachama mmoja kila kikao kazi yake ikiwa kuhesabu vijazio hivyo, na inashangaza jinsi watu wanavyobisha hesabu yao. Dawa ni kufunga mdomo kabisa kila unapofika nukta. Ukimya wa sekunde mbili utakaouona wewe kama milele, hadhira itauona kama mtu anayefikiri.

Sasa ongeza ugumu. Fanya zoezi ukiwa umevaa viatu na nguo za siku hiyo, maana koti linalobana kwapa si la kugunduliwa jukwaani. Fanya redio ikiwa imewashwa. Mwambie mtu akukatize katikati kwa swali, umjibu, kisha urudi ulipoachia. Halafu zoezi ambalo kwangu linazidi mengine yote: mtu akutajie namba ya kadi bila mpangilio, nawe uanzie hapo hapo. Anayeweza kuanzia popote hapotei, kwa sababu hata akipotezwa anajua mlango wa karibu.

Tarehe 28 Agosti 1963, jijini Washington, Martin Luther King aliweka kando maandishi aliyoyaandaa na kuingia kwenye ile sehemu ya ndoto inayokumbukwa hadi leo. Wengi huisimulia kama mfano wa kusema yanayokuja. Lakini maneno ya ndoto hiyo alikuwa ameshayatumia kwenye hotuba zilizotangulia, ikiwemo ya Detroit miezi miwili nyuma. Aliweza kuacha karatasi kwa sababu sehemu ile ilikuwa imeshakaa mdomoni.

Baada ya hapo, tafuta mtu mmoja akusikilize. Ukimuuliza "imekaaje?", atasema "nzuri", na hutakuwa umejifunza kitu. Muulize, "Nimesema nini?" Akikupa ile sentensi yako moja, umefaulu. Akikupa mfano wako wa kuchekesha peke yake, ujue mfano umemeza hoja. Muulize pia wapi mawazo yake yalihama, atapajua.

Gawa mazoezi haya kwa siku kadhaa. Nusu saa kwa siku tano inazidi mbali usiku mmoja wa kukesha. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, faida ya kujifunza kwa vipindi vilivyoachana imethibitishwa mara nyingi. Zoezi kamili la mwisho lifanye jioni ya kuamkia siku yenyewe, kisha lala. Asubuhi usibadilishe chochote. Wazo zuri linalokujia saa moja kabla ya kupanda ni wazo ambalo ulimi wako haujakutana nalo.

Hatua ya 6: Pumzi, sauti na vifaa

Kati ya vitu vyote ambavyo woga huvishika, pumzi ndicho unachoweza kukishika nawe moja kwa moja. Weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa puani ukihesabu hadi 4, mkono usogezwe na tumbo, mabega yasipande. Toa taratibu ukihesabu hadi 6. Mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Dakika tatu zinatosha, na unaweza kuzifanya ukiwa umeketi kwenye kiti chako bila mtu kujua. Lakini anza kuzifanya wiki nzima kabla, si siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Kunywa maji. Kahawa nyingi huongeza mtetemeko ambao tayari unao.

Fika mapema, ukumbi ukiwa mtupu. Simama pale utakaposimama, tamka sentensi yako ya kwanza kwa sauti kamili, kisha nenda ukaketi mstari wa nyuma uone wao watakuona vipi. Jaribu maikrofoni kwa kuongea, si kwa kuigonga wala kuipuliza. Ya kushika mkononi ikae chini kidogo ya mdomo, na iende na kichwa chako kila unapogeuka. Usipite nayo mbele ya spika, itapiga ule mlio unaowafanya watu wazibe masikio. Kama una slaidi, zihifadhi mahali pawili tofauti, na uwe na uwezo wa kuzungumza projekta ikigoma. Itagoma siku moja.

Hatua ya 7: Dakika za kabla na dakika mbili za kwanza

Usijiambie "nimetulia" wakati mwili unajua hujatulia. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia kwamba wamesisimka kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Hali ya mwili ni ileile, moyo unadunda. Kinachobadilika ni jina unaloipa. "Nina hamu ya kuanza" ni sentensi ambayo moyo unaodunda haupingani nayo.

Na wasikilizaji hawakuoni ndani. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana zaidi ya unavyoonekana kweli, na kwamba waliofahamishwa jambo hilo kabla ya kusimama walihutubia vizuri zaidi. Kwa hiyo usianze kwa "samahani, nina woga kidogo". Hakuna aliyekuwa ameona. Sasa wote wanatafuta.

Ukiitwa, tembea bila kuongea. Fika, simama miguu yote miwili chini, tazama watu, toa pumzi moja ndefu, kisha anza. Kama ni lazima kuwatambua wageni rasmi, majina yao yawe kwenye kadi yao peke yake, usiyaamini kichwani hata kama ni ya watu unaowafahamu tangu utotoni. Baada ya hapo ingia kwenye zile sentensi ulizokariri. Kwa kawaida dakika ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, na hiyo ndiyo sababu tuliikariri.

Mpe mtu mmoja sentensi moja nzima kwa macho, kisha hamia kwa mwingine upande tofauti. Daima kuna mmoja anayetikisa kichwa kukubali, mtafute mapema. Yule aliyenuna mbele usimjali, huenda viatu vinambana.

Hatua ya 8: Ukikwama

Utakwama. Andaa la kufanya kama ulivyoandaa hotuba, kwa mpangilio huu: nyamaza, rudia sentensi yako ya mwisho taratibu, tazama kadi, endelea. Kurudia kunasikika kama kusisitiza, na mara nyingi sentensi inayofuata hujileta. Isipokuja, kunywa maji. Hakuna anayemshuku mtu anayekunywa maji. Ikigoma kabisa, ruka uende hoja inayofuata. Ni wewe tu unayejua kilichorukwa.

Hatua ya 9: Maswali

Andika maswali matano ambayo hungependa kuulizwa, na uyajibu kwa sauti wakati wa mazoezi. Jukwaani, rudia swali kwa ufupi kabla ya kujibu: wa nyuma watalisikia, nawe utapata sekunde za kufikiri. Usilolijua sema hulijui na utalifuatilia. Anayetoa hotuba yake badala ya kuuliza, msubiri avute pumzi, mshukuru, geukia upande mwingine. Na weka akiba ya sentensi moja ya kufungia baada ya maswali, la sivyo swali la mwisho, ambalo huwa dhaifu kuliko yote, ndilo litakalofunga shughuli yako.

Woga ukizidi kiasi

Kuna woga ambao mazoezi hayautoshi: mtu anakataa kupandishwa cheo kwa sababu kazi ina vikao, anatapika, hapati usingizi wiki nzima. Huo una tiba, na mtaalamu wa afya ya akili ndiye wa kumwona. Tiba inayofanyia kazi mawazo na mienendo, pamoja na kukutana na hali inayoogopesha hatua kwa hatua, imesaidia wengi. Pombe ya kujichangamsha iache, inalegeza ulimi na kumbukumbu kwa pamoja. Kuna pia dawa kama propranolol, zinazozuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, na baadhi ya wanamuziki na wazungumzaji huzitumia. Usipokee ya rafiki. Inaweza kumdhuru mwenye pumu na wenye matatizo fulani ya moyo, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Na hata akikuandikia, muulize kama unaweza kuijaribu kwanza siku ambayo huna jukwaa, uone mwili wako unaipokeaje.